Koili Isiyo na Waya

Pale maabara walimwita Mpwa. Alikuwa mtu mzima mwenye shahada zake za juu, na mvi mbili tatu alizokuwa akizing'oa kila zikichomoza, na bado mlinzi wa getini akimwona asubuhi anasema, "Shikamoo, Mpwa," kana kwamba upwa nao ni cheo. Jina lilianza kama kijembe. Siku aliyoajiriwa watu walinong'ona kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba mkuu wa maabara kampitisha mtoto wa dada yake dirishani wakati wenzake wamepanga foleni mlangoni. Mjomba mtu aliyasikia yote. Alimpa mpwa wake kazi iliyokuwa imewatoa wengine jasho na kuwashinda, akaenda zake kunywa chai. Minong'ono ikafa, jina likabaki.

Kazi yenyewe ilikuwa kuning'iniza, na hapa inabidi tusimame kidogo, maana asiyejua kilichokuwa kinaning'inizwa hataelewa kwa nini mwanamke mzima alikuja kulia juu yake.

Koili kila mtu anaijua hata kama hajui kwamba anaijua. Ni waya uliozungushwa mara nyingi, umo ndani ya redio, ndani ya chaja ya simu, ndani ya feni. Tabia ya koili ni ukaidi. Ukiuongeza mkondo wa umeme ghafla, inavuta nyuma. Ukiupunguza ghafla, inasukuma mbele. Volti yake na mkondo wake haviendi mguu kwa mguu. Ubaya wake ni kwamba haipungui: ukiifanya ndogo sana, ukaidi nao unaisha, na ndiyo maana ndani ya vifaa vyetu vyote koili ndiyo mgeni mnene anayekalia kochi zima.

Sasa Mjomba, enzi za ujana wake, alitangaza kwamba amepata koili isiyo na waya. Ilikuwa punje ya metali, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Ndani ya metali hiyo kila atomu ni kisumaku, lakini visumaku hivyo havielekei upande mmoja kama vya sumaku ya kawaida. Kila kimoja kimegeuka kidogo kumzidi jirani yake, na jirani vivyo hivyo, mpaka vyote pamoja vinafanya ngazi ya kuzunguka. Mjomba alisema mkondo ukipita unaitikisa ngazi hiyo, na ngazi ikitikisika inarudisha volti kwa ukaidi ule ule wa koili. Tena kadiri punje inavyokuwa nyembamba ndivyo ukaidi unavyozidi. Wanaotengeneza vifaa walidondokwa na udenda. Wanasayansi walikuja kutoka mbali kumshika mkono. Watu wa mtaani kwake, ambao hawakuelewa lolote ila walijua kwamba jirani yao amegundua kitu, walimbatiza Mzee Koili, na akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mjomba alikuwa na sheria moja ya kupimia, na sheria hiyo ilikuwa fahari ya maabara: punje isiguse kitu. Maabara nyingine hugandisha punje zao kwa gundi juu ya bamba la shaba. Mjomba aliona huo ni ushenzi. Alisema bamba likipoa linajikunyata kivyake, na punje inajikunyata kivyake, na visumaku maskini vinabanwa katikati. "Kipande kisisumbuliwe," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mtoto aliyelala. Kwa hiyo punje zake zilining'inizwa kwa nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele, ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa yote, zikae kwenye utupu na zisiguswe na chochote. Wanafunzi walivunja nyaya, wakavunja punje, wengine wakavunjika moyo wakahamia masomo ya biashara. Mpwa peke yake ndiye aliyekuwa na mikono ya kazi ile. Akiinamia darubini na kibano chake, hata pumzi alikuwa anaivuta kwa mpangilio.

Mikono hiyo alilelewa nayo nyumbani kwa Mjomba. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaota meno ya pili, na Mjomba na mkewe, ambao hawakujaliwa mtoto, walimchukua. Mke wa Mjomba, Mpwa alimwita Mama tangu hapo. Mjomba alibaki Mjomba, maana mwenyewe alisema cheo hicho hakigawanywi.

Halafu uzee ukaja na vurugu zake. Kwanza macho ya Mjomba yaliingia ukungu, mpaka akawa hawezi kusoma kioo cha mashine hata akikibusu. Mpwa ndiye akawa macho yake. Alikuwa anamsomea, na Mjomba anasikiliza huku amefumba, anatikisa kichwa, anauliza swali moja tu, na swali hilo huwa ndilo. Hakuwahi kumtaka arudie kusoma. Wageni walipomuuliza kama haogopi kutegemea macho ya mtu mwingine, alisema, "Mashine zinanidanganya mara kwa mara. Huyu bado." Mpwa aliyasikia maneno hayo akiwa amewapa kisogo anakaza skrubu, na alijifanya hakuyasikia. Alitembea nayo wiki nzima.

Baada ya macho yakafuata mapafu. Sasa Mjomba alikuwa amelala kwenye sebule yake mwenyewe, kitanda kimesogezwa dirishani, mtungi wa oksijeni umesimama kando ya kabati la vyombo, na daktari alikuwa ameacha kuzungumzia dawa akaanza kuzungumzia faraja.

Ni katika hali hiyo ndipo makala ya wale wengine ilipotoka. Wale wengine walikuwa kundi la watafiti wa maabara ya mbali, vijana, wenye adabu nzuri hata katika kumpinga mtu. Waliandika kwamba wametengeneza metali ile ile, wameigandisha kwenye shaba kama kawaida yao, na hawakuona ukaidi wowote. Walidhani, walisema kwa upole, kwamba huenda kilichokuwa kikipimwa miaka yote ni joto tu.

Mpwa alimsomea makala hiyo yote, bila kuruka neno. Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamkatisha.

"Joto!" alisema alipopata pumzi. "Wameibana punje kwa gundi mpaka imekufa, halafu wanashangaa haisemi. Sawa. Tutawapa wanachotaka. Chukua ile punje yetu nzuri, mama. Ipime ikiwa inaning'inia, halafu igandishe, uipime tena, iwe punje ile ile. Itatikisika kidogo kwa kubanwa, lakini haitanyamaza."

"Na ikinyamaza, Mjomba?"

"Ikinyamaza utaniambia." Alimtafuta kwa mkono juu ya shuka mpaka akaupata wake. "Mimi sina muda wa kusubiri wengine wapime. Utakachosema wewe ndicho nitakachoondoka nacho."

Basi huo ndio mzigo aliotwishwa Mpwa, na hakuna aliyemsaidia kuubeba.

Chumba cha kupimia kilikuwa chini kabisa ya jengo. Hakikuwa na dirisha, na pampu yake ilikuwa inanguruma mchana kutwa kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Mpwa aliipima punje ikiwa inaning'inia, na ukaidi ulikuwepo, mzuri, umesimama wima kwenye kioo kama alivyouona mamia ya mara. Kisha akaishusha, akatia tone la gundi ya fedha juu ya bamba la shaba, akailaza punje hapo, akasubiri ikauke. Alijisikia kama anamfunga mtu kamba.

Alipowasha mkondo, mstari wa kwenye kioo ulilala.

Alikagua nyaya. Zilikuwa nzima. Akaongeza mkondo, mstari ukainua kichwa kidogo sana, ukalala tena. Akabadilisha waya mmoja baada ya mwingine, akabadilisha mashine, akaenda chooni akanawa uso, akarudi. Mstari umelala. Volti na mkondo vilikuwa vinatembea mguu kwa mguu kama maharusi. Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye alitamani asingelifanya: aliiyeyusha ile gundi kwa dawa, akaibandua punje, akaining'iniza upya. Ukaidi ukarudi pale pale ulipokuwa. Punje haikuwa imekufa. Ilikuwa inasema kweli mara zote mbili, ila wao hawakuwa wameielewa.

Mkondo ukipita kwenye metali unaipasha joto. Hilo hata mpiga pasi analijua. Na metali ikipata joto, upinzani wake kwa umeme unabadilika. Lakini joto halina mbio za umeme. Uji ukiutoa jikoni haupoi papo hapo. Punje iliyoning'inizwa kwenye utupu haina pa kutolea joto lake, kwa hiyo mkondo ulipokuwa unapanda na kushuka, punje ilikuwa inapata moto na kupoa kwa kuchelewa, upinzani wake unachelewa nyuma yake, na volti inachelewa pia. Kuchelewa huko ndiko walikokuwa wakikuita ukaidi. Punje ilipowekwa juu ya shaba, joto lilipata pa kukimbilia, na hapakuwa tena na cha kuchelewa. Hata ule ushahidi uliowafunga wabishi midomo zamani, kwamba ishara ya kipimo hugeuka, chanya ikawa hasi, pale pale visumaku vinapobadili mpangilio, haukuwa ushahidi, kwa sababu upinzani wa metali nao hubadili mwenendo pale pale.

Mpwa alikaa kwenye kigoda akalia, mikono ameiweka mbali na meza ili asitikise kitu. Kilichomchoma si kwamba Mjomba alikosea. Watu wazuri hukosea kila siku. Kilichomchoma ni kwamba mzembe asingekosea. Mzembe angeipaka punje gundi tangu siku ya kwanza, asingeona kitu, angekwenda kula. Mjomba aliponzwa na uangalifu wake, na uangalifu huo ndio aliokuwa amemrithisha yeye.

Kwenye ngazi alikutana na mkuu wa kitengo, mwanamume mwenye tai na haraka, ambaye alikuwa anaandaa sherehe ya kumuenzi Mjomba kabla hajatangulia.

"Vipi, Mpwa, tumewanyamazisha wale?"

"Bado napima."

"Pima haraka basi. Mwenyewe unajua hali ya mzee." Akaendelea kupanda.

Nyumbani Mama alikuwa jikoni anakamua chungwa. Alimwangalia Mpwa usoni mara moja tu, akajua, kwa sababu uso wa mtoto uliyemwosha mwenyewe hauwezi kukupotea.

"Mbaya?" aliuliza.

"Mbaya, Mama. Hakuna kitu. Hakijawahi kuwepo."

Mama hakuuliza ni kitu gani. Miaka yote hiyo alikuwa hajui hasa mumewe amegundua nini, na wala halikumsumbua. Alijua tu kwamba kinampa usingizi. Alifunga mlango wa jikoni kwa kiwiko.

"Tangu juzi hajala," alisema. "Analamba tu. Kila nikiingia ananiuliza, 'Kaja?' Namwambia bado. Sasa nisikilize, mwanangu. Sijawahi kuingia kwenye mambo yenu. Leo naingia. Mpe neno moja zuri aende nalo. Litakuumiza nini?"

"Ataniuliza, Mama."

"Si utajibu? Wewe ndiye unayejua, yeye haoni. Usimuue kabla ya siku yake."

Mpwa alitaka kumwambia kwamba hajui anachokiomba. Lakini aliuona mkono wa yule mama ukikamua chungwa lililokwisha maji zamani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, na kama wangeulizwa kuhusu mzee anayekata roho wangesema hivyo hivyo. Mpwa aliujua msemo huo vizuri. Akapiga moyo konde, akaingia sebuleni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Vua viatu, keti, sema."

"Ipo, Mjomba."

Mzee alifumba yale macho yake yasiyoona, na machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuyapangusa. "Umeigandisha?"

"Nimeigandisha kwenye shaba, kama wao."

"Ikasema?"

"Ikasema, Mjomba. Kipimo kimebaki vile vile."

"Vile vile," alirudia Mjomba, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu kitamu. Kisha akaita, "Mke wangu! Leta hicho ulichopika!"

Alikula. Alikula mpaka Mama akatoka nje kulia kwa furaha karibu na kamba ya nguo. Alitania. Alisema wale vijana waandikiwe jibu la heshima, wasichekwe, maana hata yeye ujanani alikuwa na kiherehere. Alisema kwenye sherehe ya mkuu wa kitengo asiletewe kiti cha magurudumu, abebwe na wale wanafunzi waliomvunjia punje zake, angalau wafaidike kwa kitu. Mpwa alicheka kila alipotakiwa kucheka. Ndani alijiona kama mtu aliyekula sadaka ya watu. Lakini alipoangalia sahani tupu alijiambia kwamba basi, yameisha, ameyabeba yeye, na atayabeba vizuri.

Kesho yake mchana Mama alimpigia simu kazini. "Anakuita. Hajazidiwa, ila ananiuliza-uliza. Njoo."

Alimkuta Mjomba ameegeshwa kwenye mito, amenyolewa ndevu, mikono imetulia juu ya shuka. Mama alikuwa ameketi chini, kando ya kitanda, anakunja nguo. Mjomba hakungoja salamu.

"Nimelala nikiifikiria," alisema. "Usingizi mzuri sana, nikaamka naifikiria tena. Jana ulisema kipimo kilibaki vile vile."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kabla ya gundi na baada ya gundi."

"Ndiyo."

"Vile vile kabisa."

Hapo Mpwa aliliona shimo, na aliliona kwa kuchelewa. Kitu alichofundishwa na mtu huyu kabla ya kitu kingine chochote ni kwamba gundi inabana. Ndiyo sababu ya nyaya za dhahabu, sababu ya utupu, sababu ya maisha yao yote mle ndani. Punje iliyobanwa visumaku vyake husogea, na kipimo lazima kisogee navyo, kipande juu au kishuke, hata kidogo, lakini kisogee. Hata ukaidi ungekuwa wa kweli kuliko ukweli wenyewe, usingebaki vile vile. Alikuwa amemtengenezea mzee uongo safi mno, usio na mkwaruzo hata mmoja, kama vitu vinavyopimwa na watu ambao hawajapima.

Na badala ya kunyamaza, akafanya kosa la pili.

"Labda kilipungua kidogo," alisema. "Nikikumbuka vizuri, kilipungua. Kidogo."

Mtungi wa oksijeni ulikuwa unatoa mlio wake mdogo. Mama aliacha kukunja nguo.

"Aa," alisema Mjomba.

"Mjomba..."

"Kipimo hakibadilishi kauli kwa sababu mtu kauliza tena. Hilo wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha wanafunzi." Hakuwa amepandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angeipandisha. "Haipo, sivyo?"

"Haipo."

"Joto?"

"Joto, Mjomba. Ukiining'iniza inarudi. Ukiigandisha inapotea. Nilirudia."

Mjomba alivuta pumzi kwa kazi, akaiachia kwa kazi. Akatafakari. Hata hapo, Mungu amsamehe kwa ukaidi wake mwenyewe, Mpwa aliona kwamba mzee anaifanyia hesabu kichwani: utupu, nyaya, joto lisilo na pa kwenda. Akaona ilipofika na kukaa mahali pake. Mzee akatikisa kichwa mara moja, kama anavyotikisa mtu akilipata jibu.

"Ni kweli kabisa," alisema. "Wale vijana wana akili. Nilipaswa kuliona." Na hakukuwa na uchungu mwingi katika sauti hiyo. Uchungu ulikuja baadaye kidogo, alipomgeukia Mpwa upande aliodhani amekaa. "Hilo ningelimeza. Nimemeza makubwa kuliko hilo. Lakini jana nimekula sahani nzima, nikacheka, nikakuona wewe ni macho yangu. Nilikufundisha kupima, mama. Sikukufundisha kunihurumia."

"Nisamehe, Mjomba. Nilitaka tu..."

"Nimekusamehe." Alisema haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua isiingie. "Waandikie wale wenzetu. Waambie wako sahihi. Weka jina langu kwanza, kosa ni langu. Halafu nataka kulala."

Mpwa alimtazama Mama. Mama aliinamia nguo zake. Alikuwa amekunja kanga moja mara nyingi sana mpaka imekuwa kifurushi. Neno moja lingetosha: ni mimi nilimwambia. Halikutoka. Mpwa hakumlaumu, au alijaribu kutomlaumu. Mwanamke aliyeishi na mtu maisha mazima hawezi kukubali kugombana naye katika wiki ya mwisho, na kama lazima mmoja aangukiwe na lawama, bora zimwangukie aliye kijana na mwenye siku za kuzibeba. Mpwa naye hakusema. Angesema nini? Kwamba si mimi ni mkeo? Angemwachia mzee nani wa kumshika mkono?

Aliandika jioni ile ile, akatuma. Mkuu wa kitengo alimwita ofisini akamwangalia kama aliyemkuta anabomoa ukuta wa jengo. Alimuuliza kama haikuwezekana kusubiri, wiki mbili, mwezi, kwa heshima ya mzee. Mpwa akasema ni mzee mwenyewe aliyeagiza. Sherehe ikafutwa bila kutangazwa kwamba imefutwa. Viti vilivyokuwa vimekodiwa vikachukuliwa na harusi ya mtu.

Siku zile Mpwa alikuwa anakwenda kila baada ya kazi. Mjomba alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimuuliza habari za mvua, habari za mlinzi wa getini, kama bei ya mafuta imepanda. Habari za maabara hakuuliza. Mpwa akileta mwenyewe, akisema leo tumepima hiki na hiki, mzee alikuwa anaitikia, "Vizuri, vizuri," kama anavyomwitikia mgeni anayesimulia safari yake. Lile swali lake moja halikuja tena.

Kisha jibu la wale vijana likafika. Mpwa alilisoma kwenye korido akiwa amesimama, akakimbia nalo mpaka nyumbani. Wale watu walikuwa wameandika kwa moyo. Walisema hawajawahi kumwona mtafiti mwenye jina kubwa akikiri hivyo. Walisema utaratibu wa Mjomba wa kuning'iniza punje, ule ule uliomponza, ndio uliowawezesha kuelewa jinsi joto linavyojificha, na kwamba wanataka wautumie kama kipimo cha kulikamata, na wauite kwa jina lake kama ataruhusu. Mambo kama hayo hayatokei. Hata mtu aliyekaa kutunga uongo mtamu asingethubutu kutunga mtamu kiasi hicho.

Mjomba alikuwa amedhoofika sana. Sauti yake ilikuwa imebaki kama karatasi. Mama alikuwa amekaa upande wa kichwani anamlowesha midomo kwa pamba.

Mpwa alipiga magoti kando ya kitanda akamsomea lote, polepole, bila kuruka neno. Alipofika penye jina, aliianza sentensi ile upya. Alipomaliza alisubiri. Aliuangalia uso wa mzee, aone kama utafunguka kama ulivyofunguka siku ile ya sahani.

Mjomba, taratibu, kwa nguvu zake zilizobaki, aliugeuza uso wake upande wa pili, kule alikokuwa mkewe.

"Mama," alisema. "Ni kweli hayo anayosema?"

Mama, ambaye hakuwa ameiona karatasi, na ambaye kama angeonyeshwa asingeielewa, alimwangalia Mpwa juu ya kichwa cha mumewe. Alichovya pamba ndani ya maji.

"Ni kweli, baba," alisema.

"Haya," alisema mzee, akatabasamu, akaushika mkono wa mkewe.